Jibu la Chura

Nachingwea, 3 Machi 1953

Kwa Mjomba Saadi bin Mbaruku, Ruangwa.

Mjomba, shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi salama na wote wa nyumbani, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Sisi huku tu wazima. Mvua hazitupi nafasi, mtama wa jirani umelala chini wote, na njia ya shule ni matope matupu hata naenda viatu mkononi. Mwalimu amenihamishia mstari wa mbele kwa kuwa nikisoma sisikiki. Aliniuliza, "Mwamina, unasoma au unaswali?" Darasa zima likacheka, nami nikazidi kunyamaza.

Sasa nikwambie kilichonishikisha kalamu. Unajua kwamba Swalehe alimwacha dada Zaina mwezi wa Januari, talaka moja, kwa maneno ya mama yake, Mama Sabaha, kwamba miaka sita ni mingi mno kwa nyumba isiyo na mtoto. Dada alikaa eda humu humu nyumbani kwa mumewe, mimi nikiwa naye, na Swalehe akahamia kambini kwa wenzake wanaoendesha matrekta ya mradi wa karanga. Yaliyofuata sikukuandikia kwa sababu sikujua yanaandikwaje. Dada alikosa siku zake, kisha akaanza kutapika, asubuhi na jioni, hata maji. Mama Sabaha akasema, "Anatapika kwa hila. Anataka eda irefuke, asitoke." Swalehe naye, hajui amwamini nani, akasema basi twende hospitali tukajue.

Hospitalini daktari alimtoa dada damu mkononi. Mimi ndiye niliyefasiri, maana Kiswahili cha yule Mzungu ni cha kuwaamrisha wapagazi. Baadaye nesi mmoja, Domitila, mwenyeji wa Masasi, akanieleza kilichofanywa na damu ile. Anasema mwanamke akishika mimba damu yake huwa na kitu ambacho damu ya mtu mwingine haina. Jicho halikioni, ila chura dume anakijua. Wanaiacha damu igande, wanachukua yale maji ya juu, wanamdunga nayo chura chini ya ngozi ya mgongo. Baada ya saa chache wanatazama mkojo wa chura kwa darubini. Kama ile damu ni ya mwenye mimba, chura atakuwa ametoa... Mjomba, hapa nimeona haya, nimekaa mpaka wino umekauka kwenye kalamu. Atakuwa ametoa kile ambacho dume hutoa. Kama si ya mwenye mimba, hatoi kitu.

Chura wa dada alijibu ndiyo.

Swalehe alikuja jioni ile ile na rafiki zake wawili wa kushuhudia, akasimama mlangoni akasema, "Nimemrejea mke wangu," kisha akabaki anaikunja kofia yake. Mama Sabaha alipiga vigelegele akaniambia, "Kumbe chura ana akili kuliko mwanangu!" Dada alicheka mpaka akatapika tena.

Nakuomba uwape habari hizi unaoona wanafaa kupewa. Mimi mpwa wako,

Mwamina binti Kaimu


Ruangwa, 19 Machi 1953

Mpwa wangu Mwamina,

Marahaba. Barua yako ilizunguka na lori la Amri mpaka Lindi ikarudi, ndiyo maana jibu limechelewa. Goti liko vilevile. Mke wangu anawasalimu, na amewawekea mbaazi.

Nimefurahi kwa ajili ya Zaina. Mwambie asibebe maji na asile mayai. Na wewe unisikilize. Mimba haitangazwi kabla haijajitangaza yenyewe. Zaina asirudi kwenye chumba kile cha damu; alichotaka kujua ameshakijua. Na habari za chura usiniandikie tena. Sikukemei, ila usiniandikie.

Soma kwa sauti. Mwalimu hang'ati.

Mjomba wako,
Saadi


Nachingwea, 21 Aprili 1953

Mjomba, shikamoo sana. Mbaazi zilifika, tukazipika kwa nazi, na dada alikula vijiko viwili vikakaa tumboni, jambo ambalo humu ndani limekuwa kama sikukuu. Swalehe hajambo, ila matrekta yanapunguzwa na madereva wanahesabiana kwa macho nani atafuata. Mimi bado niko mstari wa mbele.

Sitaandika neno lile ulilonikataza. Lakini lazima nikuandikie, maana sina mwingine wa kumwambia, na usiponisikia wewe nitapasuka.

Tumbo la dada limekua mno. Kwa miezi yake lilipaswa bado kujificha chini ya kanga, lakini watu njiani wanamuuliza kama amebakiza wiki chache. Mama Sabaha anatembea kifua mbele: "Ni mapacha, kwetu mapacha wapo." Wiki iliyopita kutapika kulizidi, tukampeleka hospitali tupewe dawa tu, basi. Daktari akamlaza, akambonyeza, akaweka pembe yake tumboni akasikiliza. Akasikiliza tena upande wa pili. Kisha akamgeukia Domitila akasema naye kwa Kiingereza, haraka haraka na kwa sauti ya chini. Alisema tumbo limeipita miezi yake na hasikii kitu. Alisema anadhani humo hamna mtoto, kuna kitu kingine kinachokua mahali pa mtoto, nacho kinaweza kumuua. Anataka damu tena, safari hii aichanganye na maji.

Maneno yale hayakuwa ya kufasiriwa. Mimi aliniambia tu, "Mwambie tunataka damu kidogo tena." Nami nikasema hivyo hivyo, sikuongeza.

Dada akainuka kitandani. "Tena ya nini? Walishauliza wakajibiwa. Mungu amenipa, halafu mimi niende kumhoji kama kanipa kweli?" Swalehe akaniambia, "Shemeji, mwambie daktari ahsante, sisi tumetosheka." Nikamwambia daktari ahsante. Domitila alinitazama, akajua kwamba nimesikia, nikainamisha uso.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Swalehe mbele anapiga mluzi, dada akininong'oneza majina. Mjomba, kama nisingesoma Kiingereza ningelala usingizi kama wao.

Wewe ndiye mwenye neno juu yetu tangu mama alipofariki. Ukisema dada arudi hospitali, atarudi. Nami naomba unijibu jambo moja ambalo sijapata kulisema kwa mdomo. Mnasema mama alifia uzazi. Kila tukienda Ruponda tunamsomea Fatiha kwenye kaburi moja, na makaburi ya pembeni yote nayajua ni ya nani. Mtoto alizikwa wapi?

Nisamehe kama nimevuka mpaka.

Mwamina


Ruangwa, 9 Mei 1953

Mpwa wangu,

Marahaba. Hapa nyani wamemaliza mahindi ya upande wa mtoni, tunalinda kwa zamu. Simsim imekubali. Nimeezeka upya paa la jikoni. Mbuzi wa mke wangu amezaa, mmoja mweupe mwenye doa jicho moja, watoto wamempa jina la karani wa soko.

Mama yako Sikuzani alifia uzazi. Ndivyo ilivyo.

Daktari ni mtu, naye hudhani kama watu wanavyodhani. Damu haitolewi kila mtu akitaka. Nawe umeyasikia yanayosemwa Lindi juu ya watu wanaochukua damu za wenzao. Zaina akae nyumbani.

Ramadhani imekaribia. Zaina asifunge, ana ruhusa. Wewe funga.

Saadi


Nachingwea, 26 Mei 1953

Mjomba, shikamoo. Nimempa Amri barua hii mkononi, ameapa atakukabidhi mwenyewe na kusimama hapo mpaka uisome. Leo nafupisha salamu.

Katika barua yako kulikuwa na mstari mmoja, chini ya habari za mama, ulioukata kwa wino mzito mpaka karatasi ikatoboka. Niliuinua kwenye mwanga, sikuweza kuusoma. Lakini nilijua kwamba uliandika kitu kisha ukaogopa. Nami ni mwoga wa kwanza katika ukoo huu, kwa hiyo nilikuelewa. Nimekaa nao uoga huo zaidi ya mwezi, nakula na dada sahani moja.

Juzi dada alianza kutokwa damu. Kidogo, lakini ilikuwa nyeusi. Akaificha. Mimi ndiye mfuaji, nikaiona. Nikaketi karibu naye nikamwambia yote aliyoyasema daktari, neno kwa neno, huku nimetazama mkeka.

Akaniuliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Na majina niliyokutajia njiani, ulikuwa unanisikiliza tu?"

Nilidhani atanipiga. Afadhali angenipiga. Adhana ya alasiri ilipoisha akajifunga kanga. "Nyanyuka twende. Na leo ufasiri kila kitu. Hata wakinitukana, fasiri."

Basi walimtoa damu, na safari hii waliipunguza kwa maji, wakaipunguza tena na tena, mpaka Domitila akasema ni kama kutia tone la maziwa kwenye mtungi. Damu ya mimba ya kweli, ikitiwa maji kiasi hicho, haisikiki tena. Ya dada ilisikika. (Najua ulinikataza kumtaja anayejibu. Simtaji.) Daktari anasema si mtoto. Ni kitu kinachojifanya mtoto, kinaijaza damu ile alama ya mtoto kuliko mtoto mwenyewe. Anasema lazima kitolewe upesi, kabla damu haijaanza kumwagika kwa nguvu. Nilimfasiria dada yote. Aliuliza swali moja tu: "Hakuna hata kidogo? Hata kidole?" Nikauliza. Nikarudisha jibu.

Sasa tumekwama, Mjomba. Mama Sabaha amekaa mlangoni mwa wodi. "Mimba ya kwanza ya mwanangu itolewe na Mzungu kwa sababu ya kidudu cha matope? Mjomba wake yuko wapi?" Swalehe mwenyewe amekubali, lakini hathubutu kusema bila wewe, kwa kuwa kwetu mtoto hufuata ukoo wa mama na wewe ndiye ukoo. Daktari naye hataki ugomvi wodini, anasubiri wakubwa waafikiane. Dada amelala amegeukia ukuta.

Sikuulizi tena habari za mama. Nataka neno lako tu.

Mwamina


Ruangwa, 27 Mei 1953

Mwamina,

Wakitoe. Leo hii.

Nimetia sahihi na dole gumba vyote viwili, asije mtu akasema si mimi. Msomee Mama Sabaha karatasi hii, na usome kwa sauti. Amri anaondoka nayo sasa hivi. Mimi nafuata na gari lolote.

Saadi bin Mbaruku


Nachingwea, 11 Julai 1953

Mjomba wangu, shikamoo. Tangu ulipoondoka nimeanza barua mara nyingi nikazichana. Idd ilipita kimya kimya. Swalehe alileta nyama, tukaila. Dada sasa anakwenda mpaka kisimani na kurudi, ingawa mikono yake imebaki myembamba kama ya mtoto. Mama Sabaha alimshauri mwanawe amwache moja kwa moja, maana amemrejea kwa ajili ya mtoto na mtoto hayupo. Swalehe alikuwa ananoa panga. Hakuinua kichwa. "Mama, ile niliyoitoa Januari bado inaniuma ulimi." Tangu hapo Mama Sabaha haji sana.

Ulikuja, ukakaa siku zote zile kwenye ngazi za wodi, hukuingia kumwona dada ila siku ya mwisho, na hukusema nasi lolote. Nilikuona umesimama nyuma ya jengo wakati Domitila alipotoka na beseni la kile kilichotolewa. Mimi pia niliangalia, ingawa niliambiwa nisiangalie. Vipovu, Mjomba, vishada kwa vishada, vyenye maji ndani. Kama mayai ya chura kwenye dimbwi. Nimeliandika neno hilo kwa kuwa sina jingine, na kwa kuwa nina haja nalo.

Maana hatujamaliza. Daktari anasema kitu kile kinaweza kuacha mizizi, na mizizi ikibaki huhamia mahali pengine mwilini. Mwili hauna habari, damu ndiyo inayojua kwanza. Kwa hiyo kila mwezi dada atolewe damu na chura adungwe, mpaka chura aseme hapana. Mwezi wa Juni alisema ndiyo. Daktari alisema huenda ni mabaki tu, yatakwisha. Lakini alipokuwa anasema alikuwa akiisugua miwani yake ambayo haikuwa chafu. Nilifasiri mpaka habari za miwani. Dada ndivyo anavyotaka sasa.

Na huu mwezi hakuna chura. Kiangazi kimekolea, wote wameingia ardhini. Wale wa hospitali wamekufa, mmoja aliyebaki amechoka, akidungwa hatoi jibu la kuaminika. Swalehe amechimba kingo za bwawa la mradi mpaka mlinzi akamfukuza akidhani anaiba mabomba. Wenzake kambini wanamwita Bwana Vyura. Anawaitikia.

Pale kwako, chemchemi ya bondeni haikauki. Nakumbuka tulikuwa tunaogopa kuchota maji pale kwa ajili yao. Mjomba, ulinikataza kuandika habari zao, nami sasa nakuomba uniletee wao wenyewe. Wanatakiwa madume, dume ana koo jeusi. Wawekwe kwenye debe lenye matundu, na majani mabichi.

Kama haiwezekani nitaelewa, ila usikae kimya.

Mwamina


Ruangwa, 24 Julai 1953

Mpwa wangu Mwamina,

Marahaba, tena marahaba. Amri amekuletea debe. Ukilifungua funika upesi, wamekasirika. Wote ni madume, nimewaangalia koo mimi mwenyewe mmoja mmoja. Niliingia bondeni na goti langu hili, mke wangu akishika kikapu, na wanawake waliokuja kuchota maji wakasimama kutazama. Mmoja akauliza, "Mzee Saadi, unaposa?" Nikamwambia ndiyo, na mahari nimeshatoa. Wamecheka mpaka kijiji cha pili.

Sasa nakuandikia ule mstari nilioukata.

Mtoto hakuzikwa. Mama yenu tulimzika peke yake, kwa sababu mtoto hakuwapo. Tumbo lilikua upesi kama la Zaina, akatapika kama Zaina. Tulikuwa Ruponda, na wakati ule mradi haujaja, hospitali ya karibu ilikuwa safari ya machela, naye alimwaga damu usiku, kukapambazuka hana uhai. Wanawake waliomwosha walitoka wakanyamaza. Mmoja aliniita pembeni akanionyesha. Nilikiona kile ulichokiona wewe. Nami nilikifananisha na kile kile.

Maneno yalitoka. Wakasema Sikuzani amezaa na chura, kwamba alioga mahali pa kuogopwa, kwamba binti zake nao watazaa hivyo. Nilipigana na watu wawili. Kisha nikawachukua ninyi nikahamia huku, nikasema alifia uzazi, na kila aliyejua alinisaidia kunyamaza. Barua yako ya kwanza ilipofika, ukaniambia chura ndiye aliyeitikia mimba ya Zaina, niliona yale maneno ya Ruponda yamenifuata mpaka mlangoni. Nilidhani nikilikataa jina lake nitamzuia. Uliponieleza kitu kinachojifanya mtoto, nilikaa chini kwenye vumbi mbele ya Amri. Miaka yote hii sikujua kwamba dada yangu aliugua. Nilidhani ni jambo la kuona haya.

Zaina mwambie mwenyewe. Mwambie wewe, kwa sauti ya kusikika, kama ulivyofasiri yale mengine.

Na mjibuni huyo daktari kwamba wakiisha hawa, bondeni wako wengine.

Mjomba wako,
Saadi


Nachingwea, 3 Agosti 1953

Mjomba, shikamoo.

Debe lilifika, na mmoja alitoroka wodini. Domitila alipanda juu ya kiti, yeye ambaye kila siku anawadunga sindano. Dada alicheka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu Februari.

Barua yako nilimsomea dada tukiwa tumekaa kwenye ngazi ulizokuwa unakaa wewe. Nilipofika pale wanawake walipomwosha mama nikaishusha karatasi, akanisukuma kwa bega: "Soma." Nikasoma mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo mama alikuwa na mapacha wake wa uongo, na mimi na wangu." Baadaye akaniuliza kama mama naye alikuwa ameshachagua majina. Hilo huenda wewe unalijua.

Damu ilitolewa asubuhi, chura akadungwa yale maji yake ya juu bila kupunguzwa hata tone, ili hata alama ndogo isifichike. Tulisubiri sote watatu, Swalehe akiwa na matope mpaka magotini kwa mazoea tu, maana hakuwa na cha kuchimba. Mwezi wa Februari tulisimama pale pale kila mmoja akiomba chura aitike. Safari hii nilisikia midomo ya dada ikimwomba anyamaze.

Daktari alitoka mwenyewe. Akalisema kwa Kiingereza, neno moja. Dada hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

Nikasema, "Hapana! Chura amesema hapana!" Mjomba, nililisema kwa sauti mpaka watu wa foleni ya dawa wakageuka, na mzee mmoja akauliza ni nani amekataliwa nini. Sikuona haya. Swalehe alikwenda ukutani akaweka paji la uso pale. Dada alisema alhamdulillahi, kisha akashika tumbo lake kwa mikono yote miwili, lilivyokuwa tupu, ndipo akalia. Tangu kile kitu kitolewe alikuwa hajalia.

Daktari atapima tena mwezi ujao, na mwingine. Anataka hapana nyingi. Kwa hiyo usiwachoshe wale wa bondeni.

Chura aliyejibu, dada amekataa abaki hospitali. Swalehe amembeba kwenye kofia yake mpaka bwawani, akamwachia penye maji. Nasi, goti lako likikuruhusu, tunataka twende Ruponda sote. Dada anasema safari hii tusimame mbele ya kaburi la mama, tulitaje jina lake kwa nguvu, wanaopita njia wasikie.

Mpwa wako,
Mwamina